Je, mifereji ya umwagiliaji huhitaji utawala wa dola? Mifano ya Engaruka, Kilimanjaro na Oman

Mwalimu wa Historia (swali)

Ndugu wanajukwaa, naomba msaada katika jambo ambalo vitabu vyetu vya kiada hulipitia kwa haraka mno. Wanafunzi husoma kwamba dola za kale za Misri na Mesopotamia zilizaliwa na umwagiliaji: mto mkubwa ulihitaji nguvu kazi ya maelfu ya watu, kazi ile ikahitaji msimamizi, na msimamizi akaishia kuwa mfalme. Mwanazuoni Karl Wittfogel aliitetea hoja ya namna hii kwa nguvu mwaka 1957, na tangu hapo imerudiwa na wengi kana kwamba haina mpinzani.

Tatizo langu ni kwamba wanafunzi wangu wengi wametoka Rombo, Same na vijiji vya Moshi, na wamekulia kando ya mifereji iliyochimbwa na mababu zao bila farao yeyote. Mmoja wao aliniuliza ni nani basi aliyeamua zamu za maji, na kwa nini watu walimtii. Ningependa kumjibu kwa mifano halisi. Je, umwagiliaji huzaa utawala wa nguvu, au jamii inaweza kuyasimamia maji yake yenyewe kwa karne nyingi?

Mpenda Mambo ya Kale

Mwalimu, hata huko Mesopotamia kwenyewe mambo hayakwenda kama hoja hiyo inavyodai. Utafiti wa mwanaakiolojia Robert McCormick Adams ulionyesha kwamba mifereji ya mwanzo kusini mwa Irak ilikuwa midogo na ya kienyeji, na kwamba mifereji mikubwa ya kifalme ilikuja baada ya miji na wafalme kuwapo. Kwa Misri, mwanajiografia Karl Butzer alifikia hitimisho linalokaribiana na hilo: mabonde ya kutegea mafuriko ya Nile yalisimamiwa zaidi na wenyeji wa kila eneo kuliko na ikulu. Sheria za Hammurabi, mfalme wa Babeli, za karne ya 18 kabla ya Kristo, zinasema kwamba mtu akizembea kuimarisha tuta lake, likabomoka na maji yakafurika mashamba ya wenzake, atalipa nafaka iliyopotea. Asipoweza, atauzwa yeye na mali yake, na waliopata hasara watagawana fedha hiyo. Mfalme hapo anatoa adhabu, lakini tuta ni la mkulima na wajibu wa kulitunza ni wake.

Kwa mfano wa kwetu, anza na Engaruka, chini ya ukuta wa Bonde la Ufa kaskazini mwa Tanzania. Kati ya karne ya 15 na ya 18 hivi, watu walioishi pale walichepusha maji ya vijito vinavyoshuka kutoka nyanda za juu, wakayapeleka kwa mifereji iliyojengewa mawe hadi kwenye mashamba yaliyoenea takriban hekta 2,000, katika nchi kame ambayo mvua pekee isingeweza kuwalisha. Mtama ulikuwa zao lao kuu. Vijiji vyao vilijengwa kwenye miinuko iliyosawazishwa kwa mawe, na katika mabaki yote hayo hakuna jumba la mfalme wala ngome ya mtawala. Mimi naona hilo ni jibu zito kwa Wittfogel kuliko kurasa nyingi za nadharia.

Ukitaka watu walio hai, wapo Wamarakwet wa Kenya, ambao mifereji yao hushuka kutoka ukingo wa Elgeyo hadi sakafu ya bonde la Kerio. Mahali pengine mfereji hupita ubavuni mwa jabali, umeshikiliwa na magogo, matawi na mawe. Kila mfereji ni wa koo zilizouchimba, na migogoro yake huamuliwa katika baraza la wazee liitwalo kokwo.

Mzee wa Mfereji, Kilimanjaro

Mwalimu, mwambie kijana wako kwamba watu walitii kwa sababu maji yalifungamanishwa na jasho. Mfereji ukibomoka, mzee wa mfereji hutangaza msaragambo, yaani kazi ya pamoja, na kila mwenye kihamba (shamba la ukoo) kinachopata maji hufika na jembe lake. Asiyefika bila sababu hukosa zamu mpaka alipe faini, na zamani faini hiyo ilikuwa mbege (pombe ya ndizi) au mbuzi. Hakukuwa na haja ya askari, kwa sababu banio, yaani kizuizi cha kuchepusha maji ya mto, lilionekana na wote na kila jirani alijua nani amefanya kazi na nani amekaa nyumbani.

Banio lenyewe ukiliona utaelewa zaidi. Kwa asili ni mawe, magogo, migomba iliyokatwa na mabonge ya majani yenye udongo wake, na mafuriko ya masika huweza kulizoa kwa usiku mmoja. Mitambo ya namna hiyo haidumu bila watu wanaorudi kuijenga upya kila mara, na ndiyo maana ushirika wetu ulikuwa imara. Wenzetu wa Upare waliongeza ndiva, yaani bwawa dogo linalokusanya maji ya usiku, likafunguliwa asubuhi ili maji yatoke kwa nguvu ya kufika shamba la mwisho. Nisiwafiche pia kwamba wamangi, yaani machifu wa Kichaga, walikuwa na nafasi yao, hasa mfereji ulipovuka mpaka au koo zilipogombana, ila mfereji uliendelea kuwa mali ya ukoo uliouchimba.

Mkaazi wa Nizwa

Assalaam aleikum. Sisi tuliozaliwa Unguja tukarudi Oman tuna mfano wa kuongeza. Hapa kuna mifereji iitwayo aflaj (mmoja ni falaj), mingine ikichukua maji chini ya ardhi kwenye miguu ya milima, na karibu 3,000 bado inatumika. Mitano kati yake, ukiwemo Falaj Daris wa hapa Nizwa, iliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2006.

Kinachogawiwa katika falaj ni wakati. Fungu huitwa athar, nalo ni kama nusu saa ya mtiririko wote. Zamani mchana ulipimwa kwa kivuli cha mti uliosimikwa uwanjani, usiku kwa nyota. Wakili husimamia mambo yote na arifu husimamia zamu. Mafungu mengine ni ya wakfu wa msikiti, na mengine hupigwa mnada ili kupata fedha za matengenezo. Naomba mwalimu alitazame jambo hili kwa makini: mwaka wa ukame, mwenye athar mbili bado ana athar mbili, isipokuwa maji yaliyomo ndani yake yamepungua sawasawa na ya jirani yake. Upungufu umegawiwa pamoja na maji, bila mkutano wala amri mpya.

Mtaalamu wa Umwagiliaji (mstaafu)

Hoja ya ndugu wa Nizwa ndiyo ninayoona ina uzito kuliko zote, kwa sababu ndiyo iliyotushinda katika miradi ya kisasa. Chini ya Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya Tanzania ya mwaka 2009, anayechepusha maji ya mto kwa umwagiliaji anatakiwa kuwa na kibali, na kibali hutaja kiasi maalumu, kwa kawaida lita kwa sekunde. Mto unapojaa hakuna shida. Kiangazi mto ukishuka chini ya jumla ya vibali vyote, karatasi haisemi nani apunguze, na aliye juu huchukua chake chote huku wa chini akibaki na kibali kikavu.

Hata hivyo sikubaliani na anayedhani wazee wa mfereji wangetosha. Mradi wa Lower Moshi, uliokamilika mwaka 1987 kwa ushirikiano na Japan, ulileta mpunga wenye mavuno makubwa kwa kutumia maji ya mito ya Njoro na Rau. Wakulima wa juu walipoona faida, wao pia wakachimba majaruba ya mpunga, na baada ya miaka michache sehemu ya mashamba yaliyojengwa kwa gharama kubwa ikakosa maji. Hakuna ukoo wala kokwo iliyokuwa na mamlaka juu ya pande zote mbili. Ukishuka zaidi unakuta bwawa la Nyumba ya Mungu na mitambo ya umeme ya Hale na Pangani, ambayo inategemea bonde lilelile la mto Pangani. Kwa ukubwa huo bodi ya kusimamia maji ya bonde zima ni ya lazima, lakini ningependa vibali vyake vitaje sehemu ya mto uliopo siku hiyo, kama robo au thumni, badala ya lita zisizobadilika.

Msomaji wa Same

Nakubali, ila mwalimu asiwafundishe vijana kwamba mabaraza haya yalikuwa ya usawa. Kwa Wamarakwet, kwa desturi, wanawake hawakuruhusiwa hata kuigusa kazi ya mfereji, na katika jamii nyingi za milimani mjane alipata zamu yake kupitia shemeji au mtoto wa kiume, ingawa mikono iliyolima shamba ilikuwa yake. Leo jumuiya za watumia maji zina viti vya wanawake katika kamati. Swali linalofaa kuulizwa kijijini ni kama mwanamke huyo anayekaa katika kamati anaruhusiwa pia kufungua banio usiku wa zamu yake.

Mwalimu wa Historia

Nawashukuru nyote. Nitawapa wanafunzi Engaruka, falaj na Lower Moshi wazilinganishe, na nitawataka kila mmoja aeleze ni nani hubeba hasara maji yanapopungua katika kila mfano. Wanaotoka Same nitawaomba wawaulize bibi zao, si babu zao peke yao, jinsi zamu za ndiva zilivyopangwa.