Ambakisye wa miaka 14: anampenda kweli, au ni utoto tu?

Mwalimu wa Tukuyu

Habari zenu wapendwa. Jambo hili linaninyima usingizi, naomba tulijadili kwa moyo.

Nafundisha Kiswahili sekondari huku Rungwe, na usiku huwa naandika hadithi. Ninayoiandika sasa ina kijana anaitwa Ambakisye, miaka 14, kidato cha pili. Anampenda Tusekile, jirani yao anayelelewa na bibi yake. Hajawahi kumwambia. Wakipishana bombani anainamisha uso, anatazama ndala zake. Lakini mwezi wa sita, na baridi ya huku mnaijua, kila Jumamosi kabla hakujapambazuka anajitwisha mzigo wa kuni za mkaratusi, anautua mlangoni kwa bibi na kuondoka. Anachagua zilizokauka tu, kwa sababu mbichi zina moshi na Tusekile ana pumu. Anazifunga kwa kamba ya mgomba. Kiganja kimechanika, mama akiuliza, anasema ameanguka mpirani.

Mwalimu mwenzangu ameisoma, akaandika pembeni kwa kalamu nyekundu: "Hii ni tamaa ya balehe, usiite mapenzi." Anataka neno hilo nilifute kila lilipo.

Wiki mbili sasa nautazama wino huo. Mimi nilimpenda mtu nikiwa na miaka 13. Leo nina 41, nina mke na watoto, na bado naikumbuka harufu ya sabuni ya mche kwenye sare yake ya shule. Nikifuta naona kama namdhulumu kijana wa watu kwa kosa la kuwa mdogo. Mnasemaje?

Mama Wawili, Mwanjelwa

Mwalimu, mimi nauza mchele sokoni, nasoma wateja wakipungua. Nina kijana wa umri huohuo. Mwaka jana kulikuwa na binti mtaani kwetu, basi chakula hali, usiku namsikia analia kwa kujificha chini ya blanketi. Binti akahamia Tunduma na wazazi wake. Wiki ya tatu mwanangu amerudi kwenye ugali wake na jina la yule binti halitajwi tena.

Aliumia kweli, sitamdharau mwanangu. Ila nadhani alichokipenda ni lile joto la moyo wake mwenyewe, binti alikuwa kuni tu.

Mimi nakushauri mtoe Tusekile hapo kijijini. Apelekwe kwa shangazi yake, mbali. Halafu tuone Jumamosi inayofuata mzigo unakwenda kwa bibi au hauendi.

Mstaafu wa Mafinga

Mwanangu Mwalimu, nakuandikia kama mzazi. Sina wasiwasi na Ambakisye, nina wasiwasi na neno lenyewe.

Nimekuwa mjumbe wa baraza la kata kwa miaka. Nimewaona wazazi wakisimama na kusema "lakini hawa watoto wana mapenzi", kumbe nyuma yake ng'ombe wameshahesabiwa. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliruhusu msichana aolewe akiwa na miaka 15 mzazi akiridhia, wakati mvulana aliwekewa 18. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ikasema vifungu hivyo vinakwenda kinyume na Katiba, Serikali ikakata rufaa, na mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ikaitupa rufaa hiyo. Hayo yote yametokea wasichana wengi wakiwa wameshapelekwa, na neno lililowapeleka ni hilohilo unalolipigania.

Kwa hiyo mwenzako nusu yuko sahihi. "Mapenzi" limebeba vitanda na mahari na kesi. Lakini "kumpenda" halina doa. Tunampenda mama, tunampenda Mungu, na kijana wako anampenda Tusekile. Andika "alimpenda", ukomee hapo.

Dada wa Makete

Shikamoo Mzee. Mimi nimewahi kuwa Tusekile. Niliachiwa vitu mlangoni na mtu asiyejitokeza, na niliogopa. Nilikuwa nahesabu hatua gizani. Mwalimu, kuna mtu amemuuliza huyo binti?

Mwalimu wa Tukuyu

Ndaga fijo, yaani asanteni sana nyote.

Mzee wangu, shikamoo. Jana nimeyafuta "mapenzi" yote, kila mahali nimeweka "alimpenda". Sentensi zimekuwa fupi, na kijana amebaki mzima.

Mama Wawili, nimefanya kama ulivyosema. Tusekile ameondoka Alhamisi kwa Hiace ya asubuhi, kwenda Chunya kwa shangazi yake. Nilikaa na Ambakisye usiku wa Ijumaa nisijue ataamua nini, nikaogopa kumsukuma. Jogoo wa kwanza akawika, yuko macho. Wa pili, bado yuko kitandani. Nilidhani umeshinda. Kisha akakumbuka kwamba bibi hawezi kushika panga tangu kidole chake kivimbe, akaamka. Alikwenda na mzigo mdogo kuliko wa siku zote. Sitaudanganya ukubwa wake, ulikuwa mdogo, lakini ulikwenda.

Dada wa Makete, wewe ndiye umenishika pabaya. Nimehesabu: katika kurasa 19 Tusekile amefungua mdomo mara mbili, na zote ni kumwitikia bibi. Sikuwahi kufikiri kwamba anaweza kuogopa. Kesho narudi ukurasa wa kwanza. Naanzia ndani ya nyumba, yeye akiwa macho, ameshika mkono wa bibi, anasikiliza kitu kizito kikitua nje ya mlango.