UZI WA MALALAMIKO: Maafisa utumishi wa Arusha na Moshi, mtoto akizaliwa msituambie "dirisha limefungwa"

Mleta uzi (Sakina, Arusha)

Wakuu, salamu kwenu.

Huu uzi ni wa hasira na sitaificha. Mahotelini, kampuni za utalii, mashamba ya maua ya huko Usa River, shule binafsi, viwanda vya Moshi, kote jibu ni moja. Mfanyakazi kapata mtoto, kaoa, kafiwa au kaachana na mwenzake. Anakwenda utumishi kubadilisha taarifa zake, anaambiwa "dirisha limefungwa, subiri bima ihuishwe mwakani". Kichanga cha wiki tatu kikishikwa na homa usiku kinapelekwa hospitali usiku huohuo, na mzazi analipa taslimu ilhali mshahara wake unakatwa bima kila mwezi.

Naanza na mtoto mchanga maana huko ndiko watu wanaumizwa zaidi. Mikataba mingi ya bima ya kundi inayonunuliwa na waajiri binafsi ina kipengele cha kuongeza mtegemezi katikati ya mwaka: mtoto aliyezaliwa, mwenza uliyefunga naye ndoa, mwenza aliyepoteza kazi na bima yake. Muda wake mara nyingi ni siku 30, na zinahesabiwa tangu TUKIO. Afisa utumishi hakuambii hilo. Anakuambia "lete cheti cha kuzaliwa". Unakwenda kwa msajili wa wilaya, jina lina hitilafu, unaambiwa urudi wiki ijayo, cheti kinatoka siku ya 38. Unarudi nacho ofisini, unaambiwa umechelewa. Sheria ya usajili wa vizazi inampa mzazi siku 90 za kuandikisha mtoto bila kuhesabiwa amechelewa, halafu mtu wa utumishi anadai cheti ndani ya 30! Huyo hakukaa hata dakika tano akalinganisha tarehe mbili.

Cha kufanya: usisubiri cheti. Ukiruhusiwa kutoka wodini unapewa tangazo la kizazi, ile karatasi ya hospitali inayoonesha mtoto kazaliwa. Toa nakala, jaza fomu ya bima ya kuongeza mtegemezi, ambatanisha, andika kwa mkono chini ya fomu "cheti cha kuzaliwa kitafuata", peleka ndani ya wiki ya kwanza. Nenda na nakala mbili za kila kitu. Moja wanabaki nayo, ya pili inagongwa mhuri wa kupokelewa, tarehe na sahihi ya aliyepokea. Wakikataa kugonga mhuri, piga picha karatasi zote na uzitume kwa barua pepe ya ofisi siku hiyohiyo. Ukija kudai huko mbele, kitakachokusaidia ni tarehe iliyoandikwa mahali.

Na kabla hujaondoka wodini, SOMA lile tangazo. Kosa linalojirudia huku kwetu ni jina la mama. Kliniki ameandikishwa kwa ukoo wa mume, kadi inasema Anna Mushi, lakini kitambulisho chake cha taifa (NIDA) kinasema Anna Elia Kimaro. Wodini wananakili kutoka kadi ya kliniki. Cheti kinatoka na Anna Mushi, kampuni ya bima inaona mama wa mtoto ni mtu mwingine, fomu inarudishwa. Kurekebisha pale wodini ni kumwambia muuguzi na kumwonesha kitambulisho. Kurekebisha baadaye ni kiapo kwa wakili au hakimu, barua, nauli na wiki kadhaa. Majina matatu ya baba nayo yafuate mpangilio wa NIDA, herufi kwa herufi. Massawe na Masawe kwenye kompyuta ni watu wawili.

Sasa kwa nini wanakataa? Wengi wanasingizia utaratibu, kumbe ni pesa. Mtu akitoka M+3 (mwanachama na wategemezi watatu) kwenda M+4, mwajiri anadaiwa nyongeza ya miezi iliyobaki. Tuchukue mfano, mchango wa mtegemezi mmoja kwa mwaka ni sh 600,000 na imebaki miezi 5: nyongeza ni sh 250,000. Basi afisa anaona heri akutulize kwa maneno kuliko kupeleka ankara kwa bosi. Kama kampuni haitaki kulipa, iseme kwa maandishi kwamba haitaki kulipa. Mkajadiliane hata mfanyakazi achangie nusu. Kudanganya mzazi kwamba dirisha limefungwa wakati mkataba wa bima unaruhusu ni dhuluma.

Mlio NHIF (Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya) hesabu ni tofauti: mwanachama, mwenza na wategemezi wasiozidi wanne. Wengi wamejaza wazazi na wakwe, mtoto wa tatu akija nafasi hakuna. Hilo liamuliwe mimba ikiwa changa. Kama una ndugu aliyeajiriwa na ana nafasi, mzazi ahamie kwake, na ahakikishe kadi mpya imetoka kabla ninyi hamjamwondoa kwenu. Mkimwondoa kwanza, mzee mwenye kisukari au presha anabaki katikati bila dawa.

Likizo ya uzazi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 33: siku 84 za malipo, siku 100 kama ni zaidi ya mtoto mmoja kwa mkupuo. Taarifa itolewe angalau miezi mitatu kabla ya tarehe ya matarajio ya kujifungua, na cheti cha daktari. Likizo inaweza kuanza wiki nne kabla. Mfano matarajio ni tarehe 20 Novemba: taarifa iwe imefika tarehe 20 Agosti, likizo inaweza kuanza 23 Oktoba, na siku ya 84 inaangukia 14 Januari. Hizo 84 ni za kalenda, Jumapili na sikukuu zimo humohumo, lakini likizo ya mwaka ya siku 28 HAIMO. Kuna waajiri wanakata 28 ndani ya 84 na kusema "umeshapumzika". Mama aliyejifungua anauguza kidonda na kunyonyesha usiku kucha, ninyi mnaita mapumziko!

Na hili wanalificha kabisa: mtoto akifariki ndani ya mwaka mmoja tangu kuzaliwa, mama ana haki ya siku 84 nyingine za malipo ndani ya mzunguko huohuo wa likizo (miezi 36). Utumishi inamwandikia siku nne za msiba kana kwamba kafiwa na babu. Mama mwenyewe wakati huo hana nguvu ya kubishana. Ndugu wa karibu amwandikie barua, yeye aweke sahihi tu.

Baba ni siku 3 za malipo, zichukuliwe ndani ya siku 7 tangu mtoto azaliwe. Ukiziomba siku ya nane zimekwenda. Na mzunguko wake ni miezi 36, kwa hiyo watoto wawili ndani ya miaka mitatu, siku ni zilezile 3.

Nimemaliza kwa upande wangu, ongezeeni. Na maafisa utumishi mliomo humu, jibuni.

Mchangiaji (Majengo, Moshi)

Mleta uzi umegusa penyewe. Naongeza msiba, maana huku Kilimanjaro ndipo watu wanapokosana na ofisi kila mwezi.

Siku 4 za malipo zinahusu mtoto kuugua au kufariki, na kifo cha mwenza, mzazi, babu au bibi, mjukuu, na ndugu wa kuzaliwa naye. Basi. Mkwe hayumo. Shangazi hayumo. Baba mdogo aliyekulea na kukusomesha hayumo. Tena ni siku 4 kwa miezi 36 yote, hata wakifa watatu. Mtu anazimaliza zote Machi kwenye msiba wa bibi kule Rombo, mwaka unaofuata anafiwa na mama mzazi, anakuta hana hata moja ya malipo. Sheria inaruhusu mwajiri kuongeza siku, ila anaweza asizilipe. Kwa hiyo ukiomba, taja kwenye barua kwamba siku za ziada zitolewe kwenye likizo yako ya mwaka, la sivyo utakuta slipu ya mshahara imekatwa, au mbaya zaidi umeandikwa mtoro.

Mwajiri anaruhusiwa kudai uthibitisho wa tukio. Kibali cha mazishi kinatosha kuanzia, au barua ya mtendaji wa kata. Wanaodai cheti cha kifo siku ya tatu ya matanga hawana utu. Familia bado haijaanua hata turubai!

Mchangiaji (Njiro, Arusha)

Mimi kilio changu ni fomu ya mnufaika, ile unayoandika nani alipwe ukifariki. Kampuni nyingi zina bima ya maisha ya kundi. Kijana anaajiriwa akiwa hajaoa, anajaza jina la kaka yake. Anaoa, anapata watoto, fomu ile imelala kwenye faili miaka tisa. Akifariki, kampuni ya bima inatoa faili na kusoma kilichoandikwa. Mjane anaanza kuhangaika na shemeji, na ukoo mzima unaingia vitani kwa sababu ya karatasi moja.

Afisa utumishi akipokea cheti cha ndoa anaongeza mke kwenye kadi ya matibabu, anafunga faili. Hasemi "dada, au kaka, jaza na hii ya mnufaika". Cheti kimoja cha ndoa kinatakiwa kugusa sehemu nne: bima ya afya, fomu ya mnufaika wa bima ya maisha, taarifa za wategemezi kwenye mfuko wa hifadhi ya jamii, na jina la mtu wa kupigiwa simu ya dharura. Ukienda na nakala moja inaishia sehemu moja. Nenda na nne.

Walioachana nao wasikie. Kutengana nyumba hakumtoi mwenza kwenye kumbukumbu za ofisi, na barua ya ukoo haimtoi. Ndoa inavunjwa na mahakama, baada ya shauri kupita baraza la usuluhishi la ndoa. Lakini fomu ya mnufaika wa bima ya maisha ni ya hiari yako, kwa kawaida unaibadilisha bila kusubiri hukumu. Usiwaondoe watoto kwa hasira za kumkomoa mama yao. Ofisi inayopokea fomu ya namna hiyo bila hata kuuliza mtoto atatibiwa wapi nayo ina lawama.

Afisa utumishi (Moshi)

Naomba nijibu, na nakubali lawama sehemu. Kuna wenzetu hawajawahi kuusoma mkataba wa bima wa kampuni yao. Upo kwa wakala wa bima, kwenye faili la mhasibu, wao wanafanya kazi kwa mazoea.

Ila nanyi mjue panapokwama. Kumjaza mtegemezi kwenye jedwali la ofisi hakumpi kadi. Jedwali liende kwa wakala, wakala alipeleke kwa kampuni ya bima, kampuni itoe ankara ya nyongeza, ofisi ilipe, ndipo mtoto aonekane kwenye mfumo. Pale kwenye ankara ndipo fomu hulala. Kwa hiyo baada ya kukabidhi usiulize "mmepeleka?" Uliza "imeenda kwa wakala tarehe ngapi?" na uombe kuwekwa kwenye nakala ya barua pepe ile. Halafu hakikisha tarehe ya kuanza bima iliyoandikwa ni ya kuzaliwa, isiwe ya kulipwa ankara. Tofauti ya wiki tatu hapo ndiyo bili yote ya hospitali. Na risiti za wiki hizo tunzeni, zenye jina la mtoto au "mtoto wa fulani", mdai kurejeshewa.

Mchangiaji (Usa River)

Afisa, ahsante kwa kusema ukweli. Mimi naongelea akina mama wa mashambani na mahotelini. Mama mwenye mimba hapangwi zamu ya usiku miezi miwili kabla ya matarajio, wala miezi miwili baada ya kujifungua. Usiku kisheria ni saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi. Hakuna kurudi kazini ndani ya wiki sita tangu kujifungua, labda daktari aridhie. Akirudi, ana hadi saa mbili kwa siku za kunyonyesha ndani ya muda wa kazi. Wasimamizi wanampa nusu saa ya chakula wanasema ndiyo hiyohiyo. Siyo hiyohiyo! Aandike barua achague: kuingia saa moja baadaye na kutoka saa moja mapema, au saa mbili mfululizo kama anaishi jirani. Mkiwa na tawi la chama cha wafanyakazi, someni mkataba wa hali bora (makubaliano ya chama na mwajiri), maana kwenye siku za likizo sheria inasema "angalau" na chama kinaweza kujadili zaidi.

Mleta uzi

Nimewasoma wote. Afisa wa Moshi, heshima kwako.

Wanaouliza wakikataliwa kabisa waende wapi: Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, iko Arusha na Moshi. Unajaza fomu namba 1, unampa mwajiri nakala kwanza na kupata uthibitisho kwamba kapokea, ndipo unaisajili. Migogoro isiyo ya kuachishwa kazi ina siku 60 tangu ilipotokea. Kuachishwa ni 30. Zikipita, unaanza kwanza na maombi ya kuongezewa muda, na sababu ziwe nzito. Ndiyo maana hawa jamaa wanapenda kukwambia "subiri kidogo, tunalifanyia kazi". Wakikupiga kalenda miezi miwili siku zako 60 zimeisha.

Barua ya kuwabana iwe fupi, hii inatosha:

"Tarehe ___ niliwasilisha fomu ya kuongeza mtegemezi (nakala yenye mhuri imeambatanishwa). Naomba kujibiwa kwa maandishi ndani ya siku 7: tarehe iliyopelekwa kwa wakala wa bima, tarehe ya kuanza kwa bima ya mtoto, na kama imekataliwa, kipengele cha mkataba wa bima kilichotumika kukataa."

Hicho kipengele cha mkataba msikiachie. Mwambieni akitaje kwa namba.