Eti DNS yangu niliinunua duka gani?

Wakuu, naandika mikono ikiwa bado inatetemeka. Mtoa huduma wangu mnamjua, ni yule ambaye waya wake unaning'inia kwenye mwarobaini wa jirani. Tangu jana magharibi hakuna tovuti inayofunguka nyumbani kwangu, ilhali taa za ruta zinawaka kijani kama pambo la harusi. Nilipoipima kwa pingi (kijipakiti cha kubisha hodi) anwani ya 8.8.8.8 ya Google, ilijibu bila kupoteza hata pakiti moja. Nilipoandika jina la tovuti yoyote, kompyuta ikadai kwamba jina hilo haliijui. Maana yake njia ipo, ila seva yao ya DNS, ambayo kazi yake ni kugeuza majina kuwa namba, imelala usingizi wa pono.

Nikapiga simu, nikasikiliza muziki wao hadi nikaota mvi, kisha nikamweleza kijana wa huduma kwa wateja yote hayo kwa adabu. Akanyamaza kidogo, akauliza: "Mzee, hiyo DNS uliinunua kwetu au dukani?"

Dukani! Inauzwa kwa kilo au kwa debe? Halafu akaniagiza nizime ruta na kuhesabu hadi thelathini. Nilihesabu, mimi na ndevu zangu. Dukani!

Pweza Mkavu: Mkuu, risiti unayo? Bila risiti DNS hairudishwi.

Bibi Kibaraza: Badala ya kulia, ingia kwenye mipangilio uweke 1.1.1.1, seva ya DNS iliyofunguliwa na kampuni ya Cloudflare mwaka 2018. Ni kazi ya dakika mbili.

Mleta uzi: Dada, kwenye kompyuta nimeshaiweka, ndiyo maana unanisoma. Ruta wameifunga kwa nywila yao, kwa hiyo televisheni na simu za wanangu bado ni mapambo. Lakini hoja yangu si hiyo. Hoja yangu ni kwamba mtu mwenye kitambulisho shingoni ameniuliza kama DNS niliinunua dukani.

Nahodha wa Nchi Kavu: Una bahati. Kwangu maswali yote yanayopita poti ya 53, mlango wa kawaida wa DNS, wanayakamata njiani na kuyapeleka kwenye seva yao ile ile iliyokufa, hata niweke namba gani.

Pweza Mkavu: Basi yake ni ya dukani, yako ni ya magendo.

Shemeji Mpole: Nyinyi angalau mnapokelewa simu. Mimi waliniletea fundi, akatoboa ukuta kupitisha nyaya, akalipata bomba la maji. Intaneti sina, kisima ninacho.

Bibi Kibaraza: Fundi huyo ni mrefu, ana kofia nyekundu?

Shemeji Mpole: Ndiye. Alikuja na ngazi ya njano.

Mleta uzi: Jamani, na DNS yangu?

Bibi Kibaraza: Subiri kwanza, mzee. Ngazi hiyo ni yangu, aliondoka nayo mwezi uliopita.