Mrejesho: gari la mbio lililokuwa linazunguka kwenye kona

Wakuu, ahsanteni sana. Niliuliza namna ya kulituliza gari la mbio kwenye gemu: nguvu za farasi 800, zote tairi za nyuma, na kila nikikanyaga mafuta kutoka kwenye kona mkia unapitiliza.

Kulegeza stebilaiza ya nyuma (chuma kinachozuia gari kulalia upande kwenye kona) kumesaidia, ila dawa hasa ni difu, yaani kifaa kinachogawa nguvu kati ya tairi ya kushoto na ya kulia. Nimeshusha ufungaji wake (kiasi inavyolazimisha tairi hizo mbili kuzunguka pamoja) wakati wa kukanyaga mafuta, kutoka asilimia 80 hadi 45. Sasa tairi ya ndani ikiteleza, ya nje haifuati, na naanza kukanyaga mapema zaidi. Raha tupu! Bawa la nyuma nimeliongezea mkandamizo, yaani nguvu ya upepo inayosukuma gari chini. Kasi ya mwisho imepungua kidogo, lakini inalipa.

Kwenye kona za taratibu gari bado linagoma kugeuka. Nilainishe springi za mbele?