Mrejesho: kifaa cha kukatia mabomba ya shaba ya AC

Wakuu, wiki tatu zilizopita niliuliza ninunue kifaa gani cha kukatia mabomba ya shaba, maana kwa msumeno wa chuma kila nati niliyofunga ilivuja gesi. Wengi mlisema kikatio cha gurudumu, na kaka mmoja akasisitiza nisiondoke dukani bila kisu cha kukwangulia ukingo wa ndani. Aniwie radhi, sikumsikiliza.

Nilinunua kikatio peke yake Kariakoo. Nikafunga AC Tabata, bomba la robo inchi, ikavuja tena! Nilikuwa nakaza skrubu kwa nguvu mno, gurudumu likabonyeza shaba kwa ndani na kuacha ukingo mkali. Sasa nakaza kidogo, nazungusha mara moja au mbili, nakaza tena. Kisha nakwangua ukingo huo kwa kisu kile nilichoambiwa, mdomo wa bomba ukitazama chini, chembe zisije zikafika kwenye kompresa, yaani pampu ya gesi ya AC. Ila msikwangue kupita kiasi: shaba ikiwa nyembamba, mdomo hupasuka ukiutanua ili nati iukamate.

Juzi Mbagala nimefunga nati zote nne, nikajaza naitrojeni kupima kama zinavuja, nikapaka povu la sabuni. Hakuna hata kiputo kimoja. Asanteni sana, mmeniokolea kazi.