Wakuu, naombeni ushauri: filamu ya zimamoto wa Edo naisimuliaje?

Habari zenu wakuu. Natafsiri filamu za nje kwa sauti, na sasa nina ya Kijapani ya enzi za samurai: vikosi viwili vya zimamoto, mahasimu. Moto unawaka, wao wanabomoa nyumba za watu, kisha wanashikana mashati kugombea kupanda paani na mlingoti wenye mapambo. Watazamaji wa kibanda umiza watawaona wehu. Niruke vipande hivyo au nieleze?

Kipanga wa Tandale: Mkuu, usiruke! Edo ndiyo Tokyo ya leo. Nyumba zilikuwa za mbao na karatasi, zimebanana. Moto wa 1657 uliteketeza sehemu kubwa ya mji, hata mnara mkuu wa ngome ya shogun (mtawala wa kijeshi wa Japani), na mnara huo haukujengwa tena. Pampu za mkono hazikufua dafu kwenye upepo, hivyo walibomoa nyumba zilizo mbele ya moto ili ukose cha kula. Wengi walikuwa mafundi ujenzi, wamezoea kutembea juu ya mapaa.

Mama Sinema: Mlingoti huo ni matoi. Anayeushika anasimama paani, jirani kabisa na moto, kuonyesha kikosi chake kimeshika pale. Akishuka mapema, aibu ni ya kikosi kizima. Waliozima walitundika kibao cha jina lao, na ugomvi mwingi ulianzia hapo: nani kazima? Tazama pia makoti yao ya pamba nzito, wanayalowesha maji kabla ya kuingia. Kwa ndani yamechorwa majoka. Moto ukizimika wanayageuza na kutembea kwa maringo. Hapo kaa kimya mdogo wangu, waache watu waone.

Fundi Sauti: Historia yote hiyo itawachosha watu. Sentensi mbili kabla ya moto wa kwanza zinatosha. Muhimu ni hili: kulikuwa na vikosi vya raia wa mitaani, vilivyopangwa karibu 1720 chini ya shogun Yoshimune, na vikosi vya mabwana wa kisamurai. Mahasimu wako ni wa wapi?

Mleta uzi: Upande mmoja wana panga kiunoni, mkuu.

Fundi Sauti: Basi ni raia na samurai hao. Samurai wape sauti ya kuamrisha, raia waongee kimtaa. Watu wataelewa chuki yao kabla hata moto haujawaka.

Mleta uzi: Shukrani sana wakuu. Narekodi upya kuanzia mwanzo, na kwenye makoti nitanyamaza.