Kunoa patasi na randa: jiwe la maji, jiwe la mafuta au msasa juu ya kioo?

Mkono_Mwanana
Wakuu, habari za kazi. Nina patasi chache na randa moja ndogo, za kutengenezea visanduku na rafu za nyumbani. Patasi zimekuwa butu, mbao laini inachanika badala ya kukatika. Kwa mtu anayenoa wikiendi tu, ninunue kipi?

Babu Randa
Jiwe la maji, namba 1000 upande mmoja na 6000 upande wa pili (namba ikiwa kubwa, chembe zake ni ndogo zaidi). Linakula chuma haraka. Ubaya wake ni laini, kwa hiyo huliwa katikati likaingia bonde, na jiwe lenye bonde litakuharibia makali. Chora mistari ya penseli juu yake, kisha lisugue kwenye msasa wa maji uliolazwa juu ya kioo. Mistari ikifutika yote, uso umenyooka.

Maranda_Tupu
Mzee wangu, kama kioo na msasa lazima awe navyo, si anolee hapohapo? Namba 400, 1000, halafu 2000. Lowesha kioo, karatasi inashika yenyewe. Patasi uivute tu kuja kwako. Ukiisukuma mbele inachana msasa.

Babu Randa
Kwa kuanzia sawa, sibishi. Ila msasa unakwisha, na kila ukinunua mwingine ni pesa. Tena karatasi ikivimba hata kidogo, ncha ya makali inaviringika. Na asidhani 1000 ya msasa ni sawasawa na 1000 ya jiwe, hizo namba hazina kipimo kimoja.

BiPatasi
Mnabishania mawe, mgongo wa patasi hakuna aliyeutaja! Kabla ya yote, nyoosha mgongo, sentimita 2 au 3 za mwisho tu, mpaka ung'ae sawasawa hadi kwenye makali. Ndipo ugeuke upande wa mshazari. Mshazari wenyewe nyuzi 25, makali ya mwisho unainua kidogo hadi 30, hivyo kila ukinoa unasugua ukanda mwembamba tu. Endelea mpaka ukipapasa mgongo kwa kidole (kutoka upande wa mpini kwenda nje ya makali, usipapase kwa urefu wa makali!) usikie ukwaru mwembamba, yaani chuma kilichojikunja ukingoni, upana wote. Ukikosekana kwenye kona moja, hapo bado hujafika. Ukiupata, hamia namba laini, kisha uondoe kwa kulaza mgongo bapa kwenye jiwe.

Mimi natumia jiwe la mafuta. Linachelewa, lakini haliliki upesi na halitaki kuloweshwa. Likishaonja mafuta usilirudishe kwenye maji.

Maranda_Tupu
Na grenda aiache kwanza. Chuma cha patasi za kawaida kikigeuka bluu kwa joto, hapo ugumu umekwenda, makali hayatadumu.

Mkono_Mwanana
Nimewaelewa. Naanza na msasa, nizoeshe mkono, jiwe la 1000/6000 baadaye. BiPatasi, kutu je? Sanduku langu linapata unyevu.

BiPatasi
Kausha kila ukimaliza, hasa ukitumia maji, halafu pitisha kitambaa chenye mafuta ya mashine, tone moja linatosha. Usizitupe sandukuni zikagongana, kila moja ivae kifuniko chake. Kama mipini utaipaka mafuta ya kitani, kitambaa chake kianike kikiwa kimetandazwa nje. Kikikunjwa hupata joto chenyewe na kinaweza kuwaka moto.